Mwongozo kwa Bosi Anayetaka Ghorofa Limwangukie

Bosi, kama unataka jengo lako lianguke kabla halijapakwa rangi, ukiwa Mgololo, huku Mufindi, itakubidi ujitahidi hasa. Kila upande ni mikaratusi na misonobari, na msitu wa Sao Hill hauko mbali. Mbao na mirunda inayosimamisha zege Dar es Salaam, mingi imepakiwa kwenye malori huku Mufindi. Mjenzi wa mjini anaweza kulia kwamba mirunda ni ghali. Wewe huna kisingizio hicho.

Basi anza kwa kuibania mirunda. Mita ya ujazo moja ya zege bichi ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Slabu ya mita 10 kwa 10, yenye unene wa sentimita 15, inafika tani 36, na hapo hujahesabu nondo, toroli na vijana wanaokanyaga juu yake. Siku ya kumwaga, tani zote hizo zinabebwa na mbao na miti peke yake. Kwa hiyo chagua miti iliyopinda. Ulio mfupi uunge kwa misumari, kipande juu ya kipande. Usiuwekee ubao wa kukalia chini. Usimamishe juu ya tope la Februari, mvua ikinyesha. Halafu acha kufunga mbao za kati na za mshazari. Hapo ndipo jengo linapoangukia. Mrunda mrefu hauvunjiki kwa kusagika, hupinda katikati kisha ukachomoka. Ukiufunga imara katikati, kwa pande zote mbili, uwezo wake wa kuhimili kupinda unaongezeka karibu mara nne. Mbao chache na misumari, basi! Fundi anayeziacha, na mhandisi anayepita akaona akanyamaza, sina neno la kuwatetea.

Ikishindikana hapo, ngoja Juni. Baridi ya Mufindi mwezi huo na Julai inaijua mifupa ya kila mkazi, na zege nalo hukomaa polepole. Ratiba iliyoandikwa kwenye joto la Dar es Salaam inasema mbao zivuliwe siku ya saba, kwa kuwa siku hiyo zege la saruji ya kawaida huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28. Nyanda za Juu hesabu hiyo haisimami. Wewe vua hivyo hivyo, kwa sababu mkataba umesema.

Marekani walilipia somo hili. Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, mafundi walikuwa wakijenga mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Jukwaa lao lilifungwa kwenye mnara wenyewe, juu ya zege lililomwagwa siku moja kabla, na usiku ulikuwa wa baridi. Zege likaachia, jukwaa likashuka lote. Walikufa watu 51.

Jengo likiwa la ghorofa nyingi, ng'oa mirunda ya chini uipeleke juu siku hiyo hiyo. Uzito wa slabu mpya utashuka kwenye slabu changa iliyo chini yake, ambayo bado haijiwezi, na sasa haina wa kuishika. Ongeza na ghorofa ambazo msingi haukupimiwa. Dar es Salaam tuliona jengo la ghorofa 16 likiporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013. Tulizika watu 36.

Kama hutaki hayo, na bado tarehe ya kukabidhi inakukimbiza, haraka inauzwa kwa njia halali, na Mgololo bei yake ni nafuu. Nunua seti mbili za mbao na mirunda: moja ibaki chini ya slabu inayokomaa, nyingine itangulie na mafundi. Acha mirunda kwenye ghorofa mbili au tatu za chini, kadiri mhandisi alivyopiga hesabu. Sampuli za zege za kuamulia siku ya kuvua ziwekwe pale pale saiti, zipigwe na baridi ile ile inayoipiga slabu. Ukiziweka ofisini penye joto zitakudanganya. Kwenye boriti anza kuvua katikati ukielekea kwenye nguzo. Kwenye kibaraza kinachoning'inia anza ukingoni, urudi ukutani. Na anayeamua siku ni mhandisi aliyesajiliwa, kwa saini yake, hata kama mwenye mali amesimama langoni na saa mkononi.

Bosi, vijana walio chini ya slabu hiyo wana kwao. Leta lori la pili la mirunda kabla hujamwaga zege.