Mkia Juu

Marekani, wanaoshindana mbio za robo maili hupima kimo cha nyuma ya gari kwa umakini wa sonara, ili likichomoka uzito uhamie nyuma, matairi yashike lami. Sengerema hatuna haja ya futi kamba. Probox ya mchomoko, gari dogo la kubeba abiria, inaletwa gereji, springi za nyuma zinawekewa spesa, mkia unapanda kama wa jogoo. Kisha abiria wanne nyuma, wawili kwenye buti na gunia la dagaa. Gari linakaa sawa lenyewe.

 

Lakini Probox nyingi huvutwa na matairi ya mbele. Sasa mkia unasaidia nini, fundi?

“Trafiki, mzee wangu. Akiona haujalala, hahesabu vichwa.”