Sahani Kizimbani

Mwaka 2005 mtafiti wa ulaji Brian Wansink, baadaye wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alisimulia jinsi alivyotoboa bakuli chini, akaunganisha mpira uliofichwa mezani, supu ikawa inajijaza taratibu huku mlaji akichota. Waliopewa bakuli hilo, alisema, walikunywa asilimia 73 zaidi ya wenzao, wala hawakujiona wameshiba zaidi.

Wenye vitambi wakapumua. Kumbe mkosaji ni bakuli!

Ushauri ukaenea: nunua sahani ndogo, usubiri kiuno kirudi. Kana kwamba hakuna aliyewahi kuona watu wakipakua pilau la harusi. Sahani ikiwa ndogo, mwenye njaa hujenga ghorofa, na paja la kuku likakaa juu kama mlinzi.

Septemba 2018 jarida la tiba la JAMA na ndugu zake yalifuta makala sita za Wansink kwa mkupuo, mojawapo ikihusu ukubwa wa mabakuli ya kupakulia. Chuo kikasema alikiuka maadili ya utafiti, naye akajiuzulu. Hata hivyo, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2015 yalikwishaonyesha kwamba vipimo na vyombo vikubwa huongeza ulaji, kwa hiyo sahani haijaachiwa huru. Ni shahidi wake machachari tu aliyeondolewa mahakamani.