Mashine Isiyojua "Si Unanielewa"

Sisi watu wa Lusahunga hatuna kawaida ya kumaliza maelezo. Mteja akiingia dukani kwangu hapa njia panda, barabara ya Biharamulo upande huu na ya Rusumo upande ule, husema, "Fundi, nitengenezee ile kitu kama ya yule jamaa, si unanielewa?" Namwambia nimemwelewa, na kweli nakuwa nimemwelewa. Shida ni mashine.

Mashine yangu hukata karatasi, manila na plastiki nyembamba kwa kisu ambacho ncha yake haifikii ya kalamu, kompyuta ikikiongoza. Haiombi chai wala haidai posho. Kukisia tu ndiko haijui.

Mchoro wa boksi la keki, kwa mfano, una mistari ya aina mbili. Ya kukatia, kisu kinapita mpaka chini. Ya kukunjia, kinagusa juu juu tu ili manila ikunjike bila kuvunjika. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na anayejua kila kitu, aliona rangi mbili zinachafua mchoro, akaifanya mistari yote kuwa myeusi. Mashine ikatii. Ikatoa kitako peke yake, kuta nne peke yake, kifuniko peke yake.

"Anko, si tutapiga selotepu?" akaniuliza. Mteja alipokuja, kijana akamweleza kuwa hilo ni boksi la kisasa, mtu anajiunganishia nyumbani.

Madereva nao wana yao. Mmoja wa semi, aliyekuwa anakwenda Kigali, alitaka stika ya "Mtegemee Mungu" ya kioo cha mbele. Tukakata, tukabandua mabaki kwa kibano, akaondoka nayo akaibandike mwenyewe. Akaibandika kwa ndani, mvua isiichubue. Sasa stika ya ndani hukatwa kinyume, na hilo hakulitaja. Akiwa kwenye usukani anaisoma vizuri. Anayekutana naye barabarani anaona sala inayorudi nyuma. Tulipompigia alikuwa keshafika Rusumo. Akasema tusihangaike, ng'ambo ya daraja magari yanahamia kulia, huenda na kusoma huanzia huko.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wenye maduka huniulizia ya karatasi. Ni kazi nyepesi, ila siku moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kukata mapambo ya plastiki ya juu ya keki. Ukirudi, mashine hujivuta pembeni, imesahau ilipoishia, inasubiri itambulishwe upya. Kitu pekee isichosahau ni kina cha kisu, kwa kuwa hicho hupangwa kwa mkono. Umeme uliporudi nikaweka karatasi ya mifuko, na kina kilikuwa bado cha plastiki. Kisu kikapita karatasi, kikapita na mkeka wa gundi ulioishikilia.

Halafu kuna herufi. Kamati moja ya harusi iliagiza kadi zenye majina yaliyotobolewa, mwanga upite. Hilo linamfaa Mzungu anayeitwa Smith. Majina yetu yamejaa a na o, na ukitoboa a, kitumbo chake cha katikati kinadondoka, hakina cha kukishikilia. Dawa ni kuchora kijidaraja chembamba katika kila herufi, na mashine haiachi daraja usilolichora. Lori likapita, upepo ukavipeleka vitumbo vyote kwa muuza chipsi. Mama mwenyekiti akainua kadi juani.

"Sasa baba, hili tundu ni bibi harusi au ni bwana?"

Kamati hiyo haikati tamaa. Ikaagiza sanduku la michango, manila nyekundu, maua pembeni. Mweka hazina akataja vipimo, rangi, hata idadi ya petali, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema "si unanielewa". Mikunjo ikakaa, gundi ikashika. Siku ya kikao likawekwa mezani, wajumbe wakalizunguka wakilisifia, mpaka mmoja akauliza hela zinaingilia wapi. Tundu halikutajwa, kwa hiyo halikutobolewa. Ikatafutwa wembe. Ukumbi mzima wa wanaume wenye ndevu, wembe haukuonekana. Wajumbe wakarudisha noti mifukoni kwa masikitiko makubwa, na baadhi yao wameshanipigia kuuliza kama napokea oda za vikao vingine.