Kibo Amenona

Hongera, mangi, kwa skrini mpya ya steshenari. Inang'aa hadi wapita njia wa Mbuyuni wanageuza shingo. Ila hiyo picha ya Kibo uliyoipachika, mbona imevimba mashavu? Mlima wa mita 5,895 umetandazwa kama chapati, na mpagazi aliye pembeni amenenepa ghafla, utadhani ujira wake umepanda. Jana mteja wa picha ya pasipoti kajiona humo, akaapa kuacha mbege.

Kosa si la mbege. Skrini ina vinukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Wewe umeiachia 1,024 kwa 768, vipimo vya enzi za kompyuta za chogo. Umbo la 4:3 likivutwa lijaze 16:9, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi.

Eti herufi zilikuwa ndogo! Kuza maandishi hadi asilimia 125, mlima usiuguse. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, ingia mipangilio ya skrini, chagua 1,920 kwa 1,080. Haimo? Weka draiva ya kadi ya picha.

Tangu 2022 intaneti ya kasi ipo Horombo, mita 3,720 juu. Picha inatoka huko kali kama ilivyopigwa. Ikishuka kwako, inanona. Rekebisha mapema, kabla mtalii hajaona mlima ulivyolala akaenda kuwadai TANAPA punguzo la kiingilio.