Namna ya Kutabiri Bingwa wa Ligi Kuu Bila Kukosea

Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16, na kila timu hucheza mechi 30. Mgeni anaweza kudhani kwamba kumpata bingwa katika msururu huo kunahitaji hesabu kali. Hakuhitaji. Kuanzia 2001 hadi msimu wa 2024/25, kombe lilitoka nje ya Kariakoo mara moja tu, pale Azam walipolipeleka Chamazi mwaka 2014 bila kupoteza hata mechi moja. Miaka mingine yote ni Simba au Yanga. Na kati ya hao wawili hukuchagua wewe. Alikuchagulia baba, au mjomba aliyekununulia jezi ya kwanza ili kumuudhi baba.

Kwa hiyo jibu unalo. Kazi iliyobaki ni kulisema Agosti kwa namna ambayo ligi ikiisha, liwe liwalo, utasimama kijiweni kifua mbele na kusema, "Si niliwaambia?" Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Tabiri kabla ya kuona mpira

Utabiri bora hutolewa wakati wa dirisha kubwa la usajili, wageni wakiwa hawajagusa hata koni ya mazoezi. Subiri mchezaji ashuke Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, avishwe skafu, apunge mkono. Ushahidi umekamilika. Video ya dakika mbili ya mabao aliyofunga kwenye ligi ambayo hujawahi kuitazama inatosha; ukiomba ya dakika tatu, watu wataanza kuhoji imani yako.

Shika kanuni moja: aliyekuja kwenu ni mashine, aliyekwenda kwa mtani ni galasa. Mchezaji akivuka mtaa, kanuni inavuka naye. Clatous Chama alipotoka Simba ya Msimbazi kwenda Yanga ya Jangwani mwaka 2024, usiku mmoja ulitosha. Waliokuwa wakimwita Mwamba wa Lusaka wakagundua kwamba umri umemtupa mkono, na waliokuwa wakimwona mzee wakagundua kwamba mpira unataka uzoefu. Miguu ilikuwa ileile.

Kisha nenda Simba Day au Kilele cha Wiki ya Mwananchi, kutegemea damu yako. Uwanja wa Benjamin Mkapa ukijaa kwa ajili ya mechi ya kirafiki, tangaza ubingwa hapohapo. Huo ndio ubingwa pekee ambao watani wote wawili huupata msimu mmoja.

Hatua ya pili: Chagua mwaka wako

Mtabiri asiye na historia ni mpiga ramli tu. Historia ya dabi ya Kariakoo ni ndefu na inatosha kila mtu, mradi usiisome yote. Ukiwa Simba, unahitaji mechi mbili: 6-0 ya mwaka 1977 na 5-0 ya Mei 2012. Ukiwa Yanga, zako ni 5-0 ya mwaka 1968 na 5-1 ya Novemba 2023. Zile za upande wa pili zilichezwa kwenye mvua, au mwamuzi alikuwa na lake, au zilikuwa zama nyingine. Shabiki wa Simba ana nafuu ya ziada kwa ile ya 1968: wakati huo klabu iliitwa Sunderland, na jina la Simba lilikuja 1971. Basi waliofungwa ni Sunderland. Wakadaiwe wenyewe.

Kwa wanaoanza, tumia mechi ya Oktoba 2013. Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, Simba wakarudisha zote tatu. Sare ile imemtosheleza kila mtu mpaka leo: mmoja anasimulia kipindi cha kwanza, mwingine cha pili, na wote wawili wanasema kweli.

Hatua ya tatu: Hesabu viporo

Timu ikiwa na majukumu ya kimataifa, mechi zake za ligi husogezwa mbele na kuwa viporo. Hapa ndipo mtabiri mahiri hujitofautisha na mtazamaji wa kawaida. Viporo vyenu vitatu ni pointi tisa, tena ziongeze kwenye msimamo leo hii, usingoje mechi. Viporo vitatu vya mtani ni sare mbili na kipigo kimoja. Ukijumlisha hivyo, hakuna wiki ambayo timu yako haiongozi ligi.

Kiporo kikubwa kuliko vyote kilikuwa dabi ya 8 Machi 2025. Iliahirishwa siku ileile ya mechi, ikachezwa 25 Juni. Katikati hapo nchi nzima ilikuwa na zaidi ya miezi mitatu ya kuishinda dabi ambayo haijachezwa, na kila upande uliishinda mara nyingi. Filimbi ilipolia, Yanga walishinda 2-0 na kubeba ubingwa. Mtabiri wa Simba aliyesoma mwongozo huu hakutetereka: utabiri wake ulikuwa wa tarehe 8 Machi.

Hatua ya nne: Usitaje mikoa

Timu nyingine 14 zisitajwe kabisa kwenye utabiri. Zitakuvurugia hesabu. Zitaje baada ya mechi tu, tena kwa wakati uliopita: "Nilijua pale pagumu."

Mfano mzuri ni Yanga waliokwenda Mbarali mwishoni mwa Novemba 2022 wakiwa na mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wenyeji walikuwa Ihefu. Asubuhi yake hukumkuta mtu kijiweni akitaja Ihefu isipokuwa kwa kuuliza wako mkoa gani. Jioni, Ihefu wakiwa wameshinda 2-1, hukumkuta ambaye hakulitabiri. Vivyo hivyo msimu uliotangulia, wakati watu wakigombana kuhusu Fiston Mayele wa Yanga, kiatu cha mfungaji bora kilichukuliwa na George Mpole wa Geita Gold, mabao 17 kwa 16. Na wazee wa Mbeya watakukumbusha Tukuyu Stars, waliopanda daraja na kuchukua ubingwa mwaka 1986. Wasikilize kwa heshima, wanunulie kahawa, usibadilishe utabiri.

Hatua ya tano: Tafuta wa kubeba lawama

Huyo ni kocha. Msifu Agosti kwa sauti, ili Novemba ukimgeuka isikike.

Tuchukue Novemba 2024. Ndani ya wiki moja Yanga walifungwa na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1. Miguel Gamondi, aliyekuwa amewapa ubingwa miezi michache tu nyuma, akafungashiwa virago. Msimbazi wakatabiri kwamba nyumba imebomoka. Akaja Sead Ramović, naye Februari akaondoka zake kwenda Algeria. Msimbazi wakatabiri tena. Akaja Miloud Hamdi, akamaliza msimu na kombe mkononi. Makocha watatu, bingwa mmoja. Mtu wa kawaida angejifunza kwamba kocha peke yake haamui bingwa. Wewe jifunze kwamba msimu mmoja unaweza kukupa watu watatu wa kulaumiwa, na hiyo ni neema.

Hatua ya sita: Kombe la Shirikisho lisiwe na bei moja

Yanga walipofika fainali ya kombe hilo la Afrika mwaka 2023 na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, mtabiri wa Simba alieleza kwamba hilo ni kombe la walioshindwa kwingine. Simba walipofika fainali hiyohiyo mwaka 2025 na kufungwa na RS Berkane, lilikuwa limepanda hadhi. Mtabiri wa Yanga naye alikuwa ameshusha bei katikati hapo. Usione aibu. Sokoni bei hupanda na kushuka.

Hatua ya saba: Ficha mkeka

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi. Kijiweni mtu anasema, "Jumamosi tunampiga mtu nne." Anasema kwa kiapo, anagonga meza mpaka kikombe cha kahawa kinaruka. Usiku, peke yake, kwenye simu, anaweka sare. Ukitaka kujua shabiki anaamini nini, usimsikilize. Omba kuona mkeka wake wa kubeti. Na kwa sababu hiyohiyo wako usimwonyeshe mtu, hata mkeo, hasa akiwa ametoka kwenye ukoo wa mtani.

Hatua ya nane: Weka akiba ya visingizio

Akiba itangazwe mapema. Anayelalamika baada ya kufungwa ni mlalamishi. Aliyelalamika Agosti ni mchambuzi. Siku ratiba inapotoka, sema kwamba Bodi ya Ligi imeshaamua bingwa. Sema viwanja vya mikoani vimelimwa. Sema kuna bahasha zinatembea. Gusia "kamati ya ufundi" ya mtani, kisha nyamaza, uache wenzako waijaze wenyewe usiku kuchwa. Kuhusu penalti, msimamo ni mmoja nchi nzima: yetu ni ya kisheria, yao ni mbeleko.

Zikikushinda hatua zote nane, usijisumbue. Shika utabiri mmoja tu, ambao hauhitaji usajili, kocha wala kiporo: timu itakayomaliza ya pili itasema ya kwanza imebebwa. Huo weka hata kwenye mkeka.