Namna ya Kunyang'anywa Kiwanda

Kwanza kipate. Kuanzia miaka ya 1990, Tanzania ilipobinafsisha mashirika ya umma, viwanda vingi viliuzwa kwa mikataba iliyomtaka mnunuzi avifufue. Tia saini, piga picha na waziri, kisha ufungie mkataba kabatini.

Sasa shughulikia mashine. Usiziwashe, zing'oe. Chuma chakavu hupata mteja leo leo, ilhali nyuzi na mafuta ya alizeti vinataka umeme, mafundi na mishahara. Jengo likibaki tupu, pangisha ghala. Kusini njia hii wanaijua: baadhi ya viwanda vya korosho vilivyojengwa Mtwara na Lindi miaka ya 1970 viliishia kuwa maghala, huku korosho ghafi ikipakiwa melini kwenda kubanguliwa India. Hapa kejeli naiweka kando, maana jambo hili linauma. Gunia likiondoka na maganda yake, limeondoka na ujira wa mama wa Newala au Masasi ambaye angekaa kwenye meza ya kubangulia na jioni akarudi na ada ya mtoto.

Tuendelee. Hati ipeleke benki, mkopo utakaopata uufanyie biashara nyingine mjini. Kodi ya pango la ardhi usilipe. Mlinzi mmoja anatosha, naye mshahara wake ucheleweshe.

Kisha subiri, lakini subiri kwa mujibu wa sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, Rais hafuti umiliki bila sababu ya msingi, kwa hiyo ni juu yako kumpatia sababu. Kutelekeza ardhi kwa miaka isiyopungua 2 ni mojawapo. Kuvunja masharti ya hati ni nyingine. Kama eneo ni hekta 500 au zaidi, liache asilimia 80 bila kutumika kwa miaka 5. Barua za Kamishna wa Ardhi zitakuja: ujieleze, ulipe faini, urekebishe kasoro, na mwisho ilani ya siku 90. Usijibu hata moja. Wengi huharibu hapa. Wakiona barua humwaga lori mbili za mchanga na kuinua msingi, mkaguzi akishaondoka majani yanaota tena.

Ukifuata haya yote, ardhi itarudi serikalini, na itakuwa imerudi kwa haki. Ila serikali nayo isiigeuze kuwa pori jipya lenye bango la wizara. Itangaze hadharani viwanja vilivyofutwa, itaje atakayepewa na tarehe anayotakiwa kuanza uzalishaji. Na wewe mwenye kiwanja cha viwanda kisicho hata tofali, sheria inakuruhusu kukisalimisha kwa hiari. Jenga mwaka huu au kirudishe, vijana wanasubiri kazi.