Utukufu wa Sponji

Nasimama kuisifu sponji ya hedifoni: kile kimto cha duara kinachokumbatia sikio, kinachochunika kabla ya kitu kingine chochote kuharibika, na ambacho mwenye hedifoni ya bei mbaya hukibadilisha tena na tena mpaka jamaa zake waanze kunong'onezana. Nasimama Nakawa, Kampala, kando ya Barabara ya Jinja, mahali ambapo kila mwenye masikio mawili ana sababu ya kutaka kuyaziba.

Tuanze na ukoo, kama sifa zinavyotaka. Hedifoni yenyewe ilizaliwa kwa unyonge: Nathaniel Baldwin aliunda zake jikoni kwake, huko Utah, na mwaka 1910 akawapelekea wanamaji wa Marekani. Sponji ya leo ina nasaba ya juu kuliko bwana wake. Lile povu linalobonyea taratibu na kurudi taratibu lilibuniwa mwaka 1966 katika kazi iliyofadhiliwa na NASA, Charles Yost akiwa mmoja wa waasisi wake, ili viti vya ndege viwe salama zaidi. Kitu kilichokusudiwa kumkinga rubani leo kinamkinga mwanafunzi wa chuo cha biashara cha MUBS dhidi ya kondakta wa taksi anayeita Banda, Kireka, Mukono kana kwamba abiria wote ni viziwi.

Sasa tazameni madaraka yake. Ndani ya hedifoni ghali mna sumaku, mna utando mwembamba ajabu, mna jasho la wahandisi waliopima kila mtetemo. Wote hao hawana kauli mpaka sponji iseme. Ikiziba vizuri kuzunguka sikio, besi inajaa. Ikiacha upenyo, hata ule mdogo unaoletwa na mkono wa miwani, besi inavujia nje. Ikiwa nene, sikio linasogea mbali na spika na wimbo unabadilika sura. Ikiwa imelalia kwa uzee, sikio linagusa wavu na zile sauti kali za juu zinaanza kuchoma. Ni nani mwingine mwenye cheo kidogo hivi na uwezo mkubwa hivi? Labda askari wa getini.

Ndiyo maana mwenye hedifoni za namna hii hasikilizi wimbo, anasikiliza sponji. Mpe Afrigo Band, bendi iliyo jukwaani tangu mwaka 1975, na saxofoni ya Moses Matovu. Akivaa sponji za ngozi ya kondoo, gitaa la besi linakuja mbele na Matovu anarudi hatua moja nyuma. Akivaa za mahameli, hewa inapita, besi inapungua, na saxofoni inasogea mpaka pumzi ya mpigaji inasikika. Akivaa zile za ngozi yenye matundu upande wa ndani, anapata kitu cha katikati, ambacho kinamwacha na kiu ya zote mbili.

Kuzibadilisha kwenyewe ni ibada. Sponji nyingi zina ukingo mwembamba unaotakiwa kuingia kwenye mfereji unaozunguka kikombe cha hedifoni. Unaanza chini kwa kidole gumba, unavuta, unazungusha pole pole. Ukifika juu, chini kumeshachomoka. Unaanza upya, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mpaka sponji zote mbili zikae, umeshasahau zile za kwanza zilisikika vipi, maana sikio haliwezi kutunza tofauti ndogo za sauti kwa muda mrefu. Na hapo ndipo penye rehema kubwa ya sponji: kwake hakuna hukumu ya mwisho, kila kesi husikilizwa upya.

Wapo wanaoilaumu kwa sababu inakufa mapema. Hawajui kufa kwake kulivyo kwa ukarimu. Ngozi bandia ni utando wa poliyurethani uliobandikwa juu ya kitambaa, na unyevu, joto, jasho na mafuta ya nywele huumenyamenya hata kama hedifoni zimelala kabatini bila kuguswa. Kampala, mji wa misimu miwili ya mvua, jirani wa Ziwa Viktoria, haujawahi kumnyima mtu unyevu. Basi sponji inaanza kujigawa: punje nyeusi kwenye kola, punje nyeusi kwenye mto wa kulalia, punje nyeusi nyuma ya sikio. Ndani ya taksi ya Ntinda huhitaji kuuliza nani mpenzi wa muziki. Amepakwa alama.

Tena sponji humtoa mtu upwekeni. Mwenye hedifoni anayejifungia chumbani, asiyetaka kusikia la jirani, sponji zikichunika lazima atoke. Zile halisi hazipatikani kirahisi, na jozi ya ngozi nzuri hufika dola 50 au zaidi, karibu shilingi laki mbili za Uganda, mikungu kadhaa ya matoke. Atakumbuka ghafla kwamba ana binamu Dubai na shangazi London, na salamu zake kwao zitakuwa ndefu kuliko kawaida. Atajifunza mambo ya ushuru pia. Jengo la mamlaka ya mapato lenye ghorofa 22 liko papa hapa Nakawa, na si vibaya raia akiwa na sababu ya kulitazama kwa heshima.

Asiyeweza kungoja binamu huenda kwa fundi viatu. Fundi anaipokea sponji, anaigeuza, anaivuta ukingo, anauliza, "Ssebo, hii ni ya kiti cha baiskeli?" Anaambiwa ni ya masikioni. Anauliza hizo za masikioni zinauzwa bei gani. Akitajiwa, ananyamaza kwa adabu, kisha anapandisha bei ya kushona.

Najua wapinzani watasema nini. Watasema hedifoni zilinunuliwa kwa ajili ya muziki, na kwamba mtu mwenye akili angechagua sponji moja, akaacha ishike umbo la kichwa chake, akaendelea na maisha. Nawauliza: mtu aliyeridhika na hedifoni zake anabakiwa na nini? Anabakiwa na muziki peke yake. Itambidi akae asikilize wimbo mzima, toka mwanzo mpaka mwisho, bila cha kuvua, bila cha kulinganisha, bila cha kumwandikia shangazi. Hayo ni maisha magumu, na sponji imewaepusha watu wengi nayo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukivaa jozi fulani ukakuta besi imekaa mahali pake, mwimbaji amekaa mahali pake, masikio hayatoi jasho, na kondakta wa Mukono umemsahau kabisa, usibweteke. Hatari imekaribia: hapo ndipo watu huanza kufurahia wimbo. Zivue haraka, uagize za mahameli.